Nyambizi iliyokwama Bender Beyla, na meli aliyopotelea babu yako mdogo

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa dereva katika KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alituhadithia mara nyingi kwamba nyambizi ya Wajerumani iliwahi kukwama pwani ya Somalia, mabaharia wake wakatoka majini na kukamatwa na askari wa ngamia. Akaongeza kuwa hao ndio waliozamisha meli ya Khedive Ismail, alimopotelea mdogo wake aliyekuwa askari wa mizinga, na kwamba Waingereza walimpiga risasi nahodha wao kulipa kisasi. Je, ni kweli? Na kama vitani kila mtu anaua, kwa nini huyo nahodha apigwe risasi?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa babu wote wawili.

Babu yako hakuwadanganya. Nyambizi ilikwama kweli, Wajerumani walikamatwa kweli, na nahodha wao alipigwa risasi kweli. Lakini matukio mawili ya bahari moja, yaliyopishana kwa muda usiofika miezi mitatu, yameungana na kuwa hadithi moja. Si ajabu. Askari wa wakati ule hakupewa taarifa, alisikia habari kambini, na habari za kambini huwa hazina tarehe. Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani. Na yule Mjerumani hakuuawa kwa kuzamisha meli. Aliuawa kwa aliyoyafanya usiku mmoja baada ya meli kuzama, upande wa pili kabisa wa Afrika, kwa watu ambao wengi wao walikuwa Wagiriki. Nitaanza na yeye, kwa kuwa swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, kisha nitarudi kwa babu yako mdogo.

Nyambizi hiyo iliitwa U-852. Wajerumani hawakuzipa nyambizi zao majina, walizipa namba tu. Ilijengwa Bremen, ikakabidhiwa kwa jeshi la majini Juni 1943, na nahodha wake wa kwanza na wa mwisho alikuwa Heinz-Wilhelm Eck, kijana wa Hamburg aliyezaliwa 1916. Kabla ya hapo alikuwa kwenye meli za kufagia mabomu ya baharini. Kwa hiyo alipoondoka bandari ya Kiel tarehe 18 Januari 1944 alikuwa na miaka 27, na ile ndiyo safari yake ya kwanza ya vita akiwa kamanda wa nyambizi. Naomba ulikumbuke hilo. Siyo kwa kumtetea, bali kwa sababu mengi yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Chombo chenyewe kilikuwa cha aina iliyoitwa IXD2, miongoni mwa nyambizi kubwa kabisa walizokuwa nazo. Urefu wake ulikuwa mita 87 na zaidi, kilibeba torpedo 24 (makombora yanayokwenda ndani ya maji), na mafuta yake yalikitosha kusafiri kilomita zipatazo 44,000 juu ya maji kwa mwendo wa wastani. Mafuta hayo ndiyo yaliyozileta nyambizi za namna hii kwetu. Ziliweza kutoka Ulaya, kushuka Atlantiki yote, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kuwinda meli kati ya Madagaska na Ghuba ya Aden, kisha kwenda kujaza mafuta Penang, bandari ya Malaya iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Penang ndiko Eck alikotakiwa kufika. Watu wengi wa pwani hawajui kwamba vita hivyo viliwafikia karibu namna hiyo. Agosti 1944 nyambizi nyingine ya aina hiyohiyo, U-862, ilizamisha meli nne katika Mlango wa Msumbiji ndani ya wiki moja tu.

Sasa sikiliza hofu iliyopakiwa ndani ya U-852 pamoja na mafuta na mikate. Kati ya Agosti na Desemba 1943 nyambizi nne ndugu zake, U-847, U-848, U-849 na U-850, zote ziliangamizwa na ndege kabla hazijaifikia Bahari ya Hindi. Eck akiwa tayari baharini, tarehe 6 Februari 1944, nyambizi U-177 nayo ikaangamizwa na ndege ya Kimarekani iliyoruka kutoka Ascension, kile kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki ya kusini. Kabla ya kuondoka, Eck alikuwa ameonywa na maofisa wa makao makuu kwamba eneo lililo kati ya Freetown na Ascension ni la hatari kupita yote. Nyambizi za aina yake zilikuwa nzito na zilichelewa kupiga mbizi. Mabaki ya meli iliyozamishwa huelea siku nyingi, ndege ikiyaona inajua nyambizi iko jirani, na kuanzia hapo ni msako hadi mwisho.

Alielezwa pia kisa cha Laconia. Septemba 1942 nahodha Werner Hartenstein wa U-156 aliizamisha meli hiyo ya Kiingereza, kisha akasikia vilio vya Kiitaliano majini. Kumbe ndani mlikuwa na mateka wa Kiitaliano wapatao 1,800. Akaanza kuokoa watu, akatangaza redioni kwa Kiingereza, wazi bila mafumbo, kwamba yuko wapi na anafanya nini, akatandaza bendera ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 16 Septemba ndege ya Kimarekani kutoka Ascension ikamshambulia huku waliookolewa wakiwa juu ya sitaha yake na mashua za manusura zimefungwa nyuma yake. Siku iliyofuata mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, akatoa amri ya kukataza kuokoa manusura. Amri hiyo ilisema msiokoe. Haikusema ueni. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyokuja kuwa uhai na mauti kwa Eck.

Jioni ya tarehe 13 Machi 1944, kusini kidogo ya ikweta, U-852 iliiona meli ya mizigo ya Kigiriki iitwayo Peleus. Ilikuwa imetoka Freetown siku tano nyuma, tupu bila shehena, ikielekea Amerika ya Kusini, imekodiwa na serikali ya Uingereza. Mabaharia wake walikuwa 35, Wagiriki wengi, na Waingereza, Wachina, Wamisri na wengine wa mataifa mbalimbali, kama ilivyo kawaida ya meli za biashara hadi leo. Giza lilikuwa limeingia. Torpedo mbili zikaipata, na Peleus ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua. Walionusurika walishikilia mbao, au walipanda vyelezo vilivyojitenga na meli na kuelea vyenyewe.

Hadi hapa hakuna kosa aliloshtakiwa Eck. Napenda kulikazia hili, maana wasomaji wengi hukosea hapa. Hakuna mahakama iliyomhukumu kwa kuizamisha Peleus. Meli ilikuwa ikimtumikia adui, na kuzamisha bila onyo kulikuwa kumekwisha kuwa desturi ya pande zote.

U-852 ilivisogelea vyelezo. Wajerumani wakawaita watu wawili, mmoja akiwa ofisa wa tatu wa meli, Agis Kefalas, wakawauliza jina la meli, ilikotoka na ilikokwenda. Walipomaliza wakawarudisha kwenye chelezo. Nyambizi ikasogea pembeni kidogo. Huko, juu ya mnara wa nyambizi, Eck akawaambia maofisa wake uamuzi wake: mabaki yote yaondolewe usoni pa bahari, isibaki alama.

Mhandisi mkuu, Hans Lenz, alimwambia kamanda wake waziwazi kwamba hakubaliani. Eck akajibu kwamba ameshaamua. Zikaletwa bunduki za rashasha, zile ambazo askari wa zamani wa kwetu waliziita bombom, na maguruneti. Nyambizi ikarudi.

Utetezi wa Eck baadaye ulikuwa kwamba aliamuru vipigwe vyelezo, siyo watu, na kwamba gizani hakuona mtu juu yake. Lakini waliokuwa juu ya vyelezo alikuwa ametoka kuzungumza nao punde. Na guruneti si kifaa cha kutobolea mbao. Guruneti ni silaha ya kuua watu waliokaa pamoja. Aliyeyarusha ni August Hoffmann, ofisa kijana wa zamu. Walter Weisspfennig, daktari wa chombo, naye alishika bunduki na kufyatua. Kila ninapofika hapa nasimama kidogo. Daktari, mtu ambaye sheria za vita zenyewe zimemwekea mipaka ya kushika silaha kwa sababu kazi yake ni kutibu, hata adui.

Lenz naye, yule aliyepinga, alipanda juu akamkuta baharia Wolfgang Schwender na bunduki mkononi, akamnyang'anya. Ungedhani alitaka kuzuia. Hapana. Alifyatua mwenyewe. Maelezo yake mahakamani yalikuwa kwamba Schwender alikuwa mtu wa tabia mbaya, na hakuona ni sawa manusura wauawe na mkono wa mtu wa namna hiyo. Hakuna maneno mengine katika kesi hiyo yote yanayonisumbua kama hayo. Mtu mwenye dhamiri iliyo macho kiasi cha kumpinga mkubwa wake, na dhamiri hiyohiyo, ilipofika kwenye kitendo, ikamwelekeza tu kwenye adabu ya kuua.

Walifanya kazi hiyo saa kadhaa, wakizunguka gizani, wakimulika kwa taa, wakijaribu hata kuvigonga vyelezo kwa mwili wa nyambizi. Kutoka torpedo ya kwanza hadi kuondoka zilipita kama saa tano. Na vyelezo havikuzama. Vilitengenezwa visizame hata vikijaa matundu, na Wajerumani hawakulijua hilo.

Ndani ya chombo mabaharia waliposikia kinachoendelea juu, simanzi iliwaingia, hadi Eck akalazimika kusema nao kwa kipaza sauti. Maana ya maneno yake ilikuwa kwamba huruma ikiwashika wafikirie wake zao na watoto wao wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege. Eck ni mtoto wa Hamburg, na Julai 1943 Hamburg iliteketezwa kwa mabomu ya moto, watu maelfu kwa maelfu wakafa ndani ya siku chache. Hakuwa anabuni machungu. Aliyatoa machungu ya kweli akawalipisha watu wasiohusika.

Wanne walibaki hai juu ya vyelezo vilivyotoboka: Antonios Liossis, ofisa wa kwanza wa Peleus, aliyejeruhiwa na vipande vya guruneti, baharia Dimitrios Argiros, Rocco Said, aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha injini, na Kefalas, aliyejeruhiwa vibaya mkono. Kefalas alivumilia siku 25 akafariki. Watatu walioelea hadi mwisho waliokolewa na meli ya Kireno Alexandre Silva tarehe 20 Aprili na kushushwa Lobito, Angola. Hesabu mwenyewe siku, kutoka 13 Machi. Bila wao watatu dunia ingejua tu kwamba Peleus iliondoka Freetown isifike ilikokuwa ikienda.

U-852 iliendelea kushuka kusini. Tarehe 1 Aprili, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, iliizamisha meli ya Kiingereza Dahomian, na safari hii haikukaa hapo kufuta alama, iliondoka. Kisha ikaingia Bahari ya Hindi na kupanda kuelekea kaskazini, hadi karibu na Pembe ya Afrika.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Septemba 1943 Waingereza waliunda kikosi cha ndege namba 621 kwenye uwanja wa Port Reitz, Mombasa, mahali ambapo leo ndege za abiria zinatua Uwanja wa Moi. Kikosi kilipewa ndege za Wellington kwa kazi moja kubwa, kuwinda nyambizi. Mwishoni mwa mwaka kikahamia Aden, na kikawa na vituo vidogo vya ndege kutua pwani ya Somalia. Waingereza walikuwa wakizinasa na kuzifumbua simu za redio za Wajerumani, kwa hiyo walijua kwamba nyambizi inakuja. Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1944 Wellington moja ya 621 ikaikuta U-852 juu ya maji. Nyambizi ilipiga mbizi, lakini mabomu ya kulipukia chini ya maji yalikuwa yameshadondoshwa, na yaliiumiza kiasi kwamba ilibidi ipande tena, ikashindwa kuzama kwa namna iliyotaka. Kilichofuata ni kama mnyama aliyejeruhiwa anayekimbizana na mbwa. Ndege za 621 na za kikosi namba 8 zikapokezana kuishambulia, nayo ikijibu kwa mizinga yake, ikikimbilia nchi kavu. Wajerumani saba walikufa. Tarehe 3 Mei U-852 ikapanda mwamba karibu na Bender Beyla, kwenye pwani ambayo leo ni ya Puntland, na waliobaki, 59, wakaanza kuteremka ufukweni huku wakijaribu kuilipua.

Nchi hiyo ilikuwa koloni la Italia lililokwisha kutekwa na Waingereza mwaka 1941. Askari wa Kisomali wa kikosi cha ngamia, Somaliland Camel Corps, pamoja na mabaharia walioshuka kutoka meli za kivita za Kiingereza, wakawakusanya mmoja mmoja. Picha aliyowapa babu yako ni ya kweli kabisa.

Mlipuko wa Wajerumani haukumaliza kazi. Mnara na sehemu ya mbele vilibaki, na ndani yake Waingereza walipata vitu viwili vya thamani. Cha kwanza ni chombo cha ajabu kidogo, Fa 330, tiara kubwa yenye mapanga yanayozunguka kama ya helikopta lakini isiyo na injini. Nyambizi ilikivuta kwa waya, upepo ukakiinua mita mia na zaidi juu, na baharia aliyefungwa kwenye kiti chake akaona meli za mbali ambazo aliye juu ya mnara asingeziona. Ni U-177 iliyokitumia vizuri, Agosti 1943 karibu na Madagaska, ikaizamisha meli ya Kigiriki Efthalia Mari.

Cha pili ni shajara ya vita ya nyambizi. Eck, aliyetumia saa nyingi za usiku kufuta alama za Peleus kwenye uso wa bahari, aliiacha alama yake mwenyewe kwa maandishi. Mahali na tarehe viliafikiana na yale ambayo Liossis na wenzake walikuwa wameeleza walipookolewa. Mateka nao walipohojiwa, baadhi walisema waliyoyaona.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, mji wake Eck, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Kiingereza iliyokuwa na maofisa wa Kigiriki miongoni mwa wajumbe wake. Manusura watatu hawakuwepo, maelezo yao ya kiapo yalisomwa. Washtakiwa walikuwa watano: Eck, Hoffmann, Weisspfennig, Lenz na Schwender.

Sasa nakuja kwenye swali lako: vitani kila mtu anaua, kwa nini yeye? Jambo la kwanza, na ni la kumpa haki yake, Eck hakujificha nyuma ya wakubwa. Hakusema niliamriwa. Alisema amri ilikuwa yake, na kwamba ulikuwa ulazima wa kivita: bila kufuta mabaki, ndege zingemkuta na watu wake zaidi ya 60 wangekufa. Wenzake wanne ndio waliosema walimtii mkubwa wao.

Ulazima. Neno hilo lina nguvu sana, na mahakama ililipima kwa vitendo vyake mwenyewe. Mtu anayeogopa ndege za asubuhi anafanya nini usiku? Anaondoka. U-852 iliweza kwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa juu ya maji. Saa tano alizozimalizia kufyatua risasi zingemweka kilomita 150 mbali kabla hata ya usiku wa manane kupita sana, na kufikia alfajiri angekuwa mara mbili ya hapo. Badala yake alikaa papo hapo, juu ya maji, taa zikimulika, bunduki zikilia. Na hata angefanikiwa kuvizamisha vyelezo vyote, mafuta na vipande vya mbao vya meli ya tani zaidi ya 4,000 haviondoki kwa risasi. Utetezi ulimleta Adalbert Schnee, kamanda wa nyambizi mwenye sifa kubwa, mmoja wa waliompa Eck maonyo kabla ya safari. Aliieleza mahakama jinsi hatari ilivyokuwa kubwa. Lakini alipobanwa na mwendesha mashtaka kama yeye angefanya vile, alikiri kwamba asingefanya.

Ndiyo maana nasema hofu inaeleza kitendo chake lakini haikihalalishi. Naiamini kabisa hofu ya Eck. Naamini pia kwamba wakubwa waliomjaza hofu hiyo na kumtuma na chombo kizito njia iliyokwisha kumeza wenzake wana sehemu yao. Lakini sheria ya bahari juu ya manusura ilikuwa inajulikana kwa kila nahodha wa Ujerumani, na kwa sababu ya Wajerumani wenyewe. Juni 1918, vita vya kwanza, U-86 iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle na kuzipiga mashua za manusura, na mwaka 1921 mahakama ya Ujerumani, mjini Leipzig, iliwahukumu maofisa wawili na kutamka kwamba amri ya namna hiyo iko wazi kuwa ni haramu, anayeitii hana kinga. Hukumu hiyohiyo ya Leipzig ndiyo iliyorejewa Hamburg. Kwa hiyo si Mwingereza aliyemletea Mjerumani sheria ya mshindi.

Eck, Hoffmann na Weisspfennig walihukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha kwa kuwa alipinga kwanza, Schwender miaka 15, na wote wawili waliachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kati ya makamanda wote wa nyambizi za Ujerumani wa vita hivyo, Eck peke yake ndiye aliyehukumiwa kwa kuua manusura baharini.

Sasa babu yako mdogo. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ni Khedive Ismail, ikiwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote humo ndani lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, watu 996, waliokuwa wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Watu wengi walikuwa ukumbini chini wakiangalia burudani. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77, wauguzi na watumishi wa majeshi. Waliopona ni 214.

Na lipo jambo la siku hiyo ambalo babu yako huenda hakulisikia, au alilisikia akanyamaza. I-27 ilijificha chini ya maji, usawa wa pale walipokuwa wakielea manusura. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikabiliwa na uamuzi mbaya kuliko wowote ninaoujua katika vita vya bahari: kuiacha nyambizi ambayo ingeweza kuzigeukia meli nyingine nne zilizojaa askari, au kuipiga kwa mabomu ya chini ya maji yatakayowaua waliokuwa wakiogelea juu yake. Waliipiga. Baadhi ya watu walioponea kwenye meli walikufa kwa mabomu ya upande wao. I-27 ililazimishwa kupanda juu na baada ya mapambano ya muda mrefu Petard ikaimaliza kwa torpedo.

Najua utaniuliza: basi hao wana tofauti gani na Eck? Nimelifikiria sana, kwa kuwa waliokuwa majini pale walikuwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na hakuna mtu wa kwetu anayeweza kulisoma kwa moyo mkavu. Jibu langu ni hili. Kamanda wa Petard alikuwa na adui mzima, mwenye silaha, chini ya miguu ya manusura, na meli nne za kulinda, na hakuna njia nyingine iliyokuwepo ya kumfikia. Aliowalenga hawakuwa manusura. Paladin ilikuwa tayari imeshusha mashua kuwaokoa. Eck hakuwa na adui yeyote mbele yake. Alikuwa na njia ya kuondoka iliyo wazi usiku kucha. Ulazima wa kweli ni ule unaokuacha bila mlango mwingine, na mlango wa Eck ulikuwa bahari nzima. Kama ningekuwa ndugu wa aliyekufa kwa bomu la Petard, sidhani kama maneno haya yangenitosha, na sikulazimishi yakutoshe.

Kuhusu kisasi, tarehe zenyewe zinajibu. U-852 ilipokwama, I-27 ilikuwa imelala chini ya bahari tangu Februari pamoja na karibu mabaharia wake wote. Aliyemuua babu yako mdogo hakuwahi kufika ufukwe wa Somalia wala mahakamani Hamburg.

Ukipata nafasi ya kufika Nairobi, nenda kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Ndani yake umejengwa Mnara wa Afrika Mashariki, kwa ajili ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na waliopotea na Khedive Ismail wamo katika wanaokumbukwa hapo. Nenda na jina lake kamili kama lilivyoandikwa jeshini, na namba yake ya jeshi kama familia bado inayo, kwa kuwa makarani wa wakati ule waliyaandika majina yetu kwa namna walivyoyasikia. Kama babu yako aliacha kipande chochote cha karatasi, barua au cheti cha kuachishwa jeshi, kipekue vizuri kabla ya kwenda.